Mwakilishi au seneta: shauri lako la Minnesota ulipeleke kwa nani, na mwaka gani

Aprili 2024, saa moja asubuhi, jirani yangu alibisha hodi akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na mkononi ameshika barua kutoka Washington. Tangu Desemba alikuwa ameandika kuhusu pesa ambazo serikali hulipa nyumba kama ile anayofanyia kazi, maana mshahara wake unatoka humo. Jibu lilikuwa aya mbili tu: hilo ni jambo la jimbo, wasiliana na Bunge la Minnesota.

"Sasa huko kwenye jimbo niende kwa nani?" akaniuliza. "Nimeangalia. Nina wawili."

Jibu nililompa halikumfurahisha. Nilimwambia kwamba kwa yeyote kati ya hao wawili, ameshachelewa. Tarehe ya mwisho ya kamati kupitisha miswada ya sera ilikuwa imepita tangu Machi, kikao kilikuwa kinaisha Mei, na muhula mzima wa miaka miwili ulikuwa ukingoni. Tukakubaliana asubiri Januari. Miezi hiyo tuliitumia kujifunza namna Bunge hili linavyokwenda, na ninaandika haya kwa sababu Wakenya na Watanzania wengi huku wanafika mahali pale pale alipofika yeye, wakiwa na shauri zuri na barua waliyoituma kwa mtu asiyehusika.

Hao wawili ni akina nani

Minnesota imegawanywa katika maeneo 67 ya Seneti. Kila eneo lina seneta mmoja. Kisha eneo hilo linakatwa vipande viwili, A na B, na kila kipande kina mwakilishi wake. Ndiyo maana wawakilishi ni 134, maseneta 67, na jumla yao 201. Chukua eneo la 38 huku Brooklyn Park na Brooklyn Center, ambako ukienda dukani hukosi kusikia Kiswahili au Kikisii. Seneta ni Susan Pha. Upande wa A mwakilishi ni Mheshimiwa Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge hili, Novemba 2024. Upande wa B ni Samantha Vang. Watu wawili wanaoishi eneo hilo hilo wanaweza kuwa na seneta mmoja na wawakilishi tofauti, kwa hiyo usichukue jina kwa rafiki yako wa kanisani. Angalia kwa anwani yako mwenyewe.

Kwa hesabu ya sensa ya 2020, mwakilishi mmoja anabeba watu wapatao 42,600 na seneta 85,200.

Aliyekulia Kenya akisikia maneno haya mawili, kichwani inamjia picha ya MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, na ya seneta wa kaunti. Picha hiyo iweke kando. Seneti ya Nairobi ina kazi ya kulinda kaunti, na ipo miswada ambayo haiifikii kabisa. Huku hakuna mswada unaokuwa sheria bila kupita kote kuwili, kwa maneno yale yale, nukta kwa nukta. Pia hakuna CDF. Mwakilishi wako hana mfuko wa basari wala wa zahanati, na ukimpelekea fomu ya karo atakutazama tu asijue akuambie nini. Kadi ya kijani, viza ya mama, uraia: hayo ni ya Washington. Takataka, taa za mtaani na theluji isiyozolewa barabara ya nyumbani kwako ni ya mji. Kinachobaki katikati ndicho cha Bunge la jimbo, na ni kingi sana: shule, leseni ya udereva, leseni ya uuguzi, bima ya afya ya MinnesotaCare, kima cha chini cha mshahara, haki za mpangaji, na malipo ya nyumba za wazee ambayo yalimtoa jirani yangu usingizini.

Kuanza na mwakilishi

Nikiulizwa bila maelezo mengine, ninasema anza na mwakilishi. Sababu yangu kubwa ni muda wake. Anachaguliwa kila miaka miwili, kwa hiyo akimaliza kula kiapo Januari, ameshaanza kuhesabu miezi. Mtu wa aina hiyo anapokea simu. Anajua ni nyumba zipi alibisha hodi na ni nani alimfungulia. Watu 42,600 ukiwaondoa watoto na wasiopiga kura wanabaki wachache kiasi kwamba kikundi cha akina mama ishirini kutoka kanisa moja ni kikundi cha kuangaliwa.

Ya pili ni nafasi ya majina. Katika Baraza la Wawakilishi mswada mmoja unaweza kubeba majina ya hadi wajumbe 35 wanaouunga mkono kama waandishi. Seneti inaruhusu watano tu. Shauri jipya, ambalo halijawahi kusikika, linahitaji majina mengi ili lionekane lina watu nyuma yake, na majina hayo utayakusanya kwa urahisi zaidi upande wa wawakilishi. Na kama shauri lako linahusu kuongeza kodi, huna la kuchagua, kwa sababu katiba ya jimbo inataka miswada ya kuongeza mapato ianzie huko.

Udhaifu wake nao uujue. Kwa kawaida wawakilishi hugawana wasaidizi, kwa hiyo barua pepe yako inaweza kulala wiki mbili kabla ya mtu kuifungua. Na miaka miwili ikiisha vibaya kwake, yote mliyojenga pamoja yanaondoka naye.

Kuanza na seneta

Seneta anachaguliwa kwa miaka minne, isipokuwa uchaguzi ukiangukia mwaka unaoishia na sifuri. Hapo anapewa miaka miwili, kwa sababu sensa inakuja kubadilisha mipaka. Waliochaguliwa 2020 walikaa miwili, waliochaguliwa 2022 wakapewa minne, na wa 2026 watakaa minne pia. Mtu mwenye miaka minne anaweza kushika shauri gumu lisilo na kura za haraka. Kwa kawaida ana msaidizi wake mwenyewe, na msaidizi huyo akishakujua jina, umepata mlango. Tena Seneti peke yake ndiyo inayowaidhinisha makamishna wa gavana. Kama ugomvi wako ni wa idara na namna inavyoendeshwa, seneta ndiye mwenye kamba ya kuvuta.

Lakini sababu kubwa ya kumtafuta seneta ni hesabu ya kura. Mswada hapa haupiti kwa wingi wa waliokuwepo ukumbini. Unahitaji nusu ya viti vyote na zaidi: 68 kwa wawakilishi, 34 kwa maseneta. Mjumbe aliyebaki nyumbani akiwa na homa ni sawa na aliyesema hapana. Seneti ikiwa na wajumbe 34 upande mmoja na 33 upande mwingine, mtu mmoja akisita, mswada umekwama.

Nitakupa mfano ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa sura za watu tunaowajua. Kanuni ya 2003 ilikuwa imewafungia leseni ya udereva wote wasioweza kuonyesha kibali cha kuishi nchini. Miaka ishirini watu waliendesha gari kwenda kazini saa kumi alfajiri na moyo mkononi, wakiomba taa ya nyuma isizimike wasije wakasimamishwa. Baraza la Wawakilishi lilikubali kubadilisha hilo 2019, Seneti ikakataa. Tangu hapo hadi 2022, aliyempigia simu mwakilishi wake wa Minneapolis alikuwa anamhubiria aliyeokoka. Shida ilikuwa Seneti. Novemba 2022 Seneti ikageuka kwa kiti kimoja, Aisha Gomez akabeba mswada upande wa wawakilishi, Zaynab Mohamed upande wa maseneta, na tarehe 7 Machi 2023 Gavana Walz akatia saini. Miaka ishirini ya kusubiri ikamalizwa na miezi miwili.

Kwa hiyo kabla hujaamua, jiulize shauri lako limekwama wapi. Likiwa halijaanza popote, mwakilishi. Likiwa limewahi kupita upande mmoja likafia mwingine, nenda pale lilipofia, hata kama mlango wake ni mzito.

Na usifikiri ukishachagua mmoja umemaliza. Kila mswada unahitaji pacha. Upande wa wawakilishi unapewa namba yenye herufi HF, upande wa maseneta SF. Mwakilishi akikuambia "nimeshauwasilisha," swali lako la papo hapo ni hili: pacha wake amebebwa na nani? Mswada usio na pacha unazunguka ukumbini kama yatima.

Mwaka wa kwanza au wa pili

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, na ni kosa la kalenda tu.

Muhula wa Bunge ni miaka miwili, na miaka hiyo haifanani. Wa kwanza, wenye namba witiri, unaanza Januari na ni mwaka wa bajeti. Fedha za jimbo hupangwa kwa miaka miwili kuanzia Julai 1, kwa hiyo chochote chenye mshahara, ruzuku, bima au malipo ya huduma kinaamuliwa hapo. Mwaka wa pili unaanza baadaye, mara nyingi Februari, ni mfupi, na kwa desturi ni mwaka wa majengo: madaraja, vyuo, vituo vya jamii, vinavyojengwa kwa mkopo wa dhamana za serikali. Miaka yote miwili kwa pamoja wana siku 120 za kukaa, na kila mwaka hawaruhusiwi kukaa baada ya Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei.

Kama jumuiya yenu inataka fedha za kujenga kituo, mwaka wa pili ndio wenu, lakini jua kwamba mkopo wa aina hiyo hauruhusiwi kwa wingi wa kawaida. Unahitaji sehemu tatu kati ya tano: kura 81 kwa wawakilishi, 41 kwa maseneta. Hakuna chama kinachopata hizo peke yake siku hizi. 2023 ulipita mkubwa sana, wa dola bilioni 2.6 ukijumlisha na fedha taslimu. 2024 haukupita wowote, na waliosubiri wakarudi mikono mitupu. 2025 ukapita wa milioni 700 katika kikao maalumu. Kwa jengo, ningeanza na mjumbe wa chama kilicho na wachache, kwa sababu wa chama tawala hahitaji kushawishiwa sana, na bila yule mwingine hamfiki popote.

Mswada wa mwaka wa kwanza usiopita haufi. Unaingia nao mwaka wa pili na namba ile ile. Unakufa muhula ukiisha, na ukirudi unarudi kama mtoto mchanga, na namba mpya. Kwa hiyo Januari ya mwaka witiri ndiyo yenye baraka: una nafasi mbili za kusikilizwa. Aprili ya mwaka shufwa, kama ile ya jirani yangu, huna hata moja. Nenda ukaangalie mwenyewe zile saa za mwisho. Usiku wa Mei 19, 2024, wakibakiza dakika chache kabla ya saa sita, walikusanya mambo yao katika mswada mmoja wa kurasa 1,400 hivi na kuupitisha watu wakipiga kelele ukumbini. Shauri lako dogo haliwezi kuongezwa katika mlima kama huo.

Ndugu zetu walio majimbo mengine wasichukue kalenda hii kama yao. Texas Bunge linakaa mwaka witiri tu, siku 140, kisha wanaondoka. Ukikosa hapo, umekosa miaka miwili. Maine, ambako Wakongo wengi wamefika Portland na Lewiston, pande zote mbili wanachaguliwa kila miaka miwili, na hakuna anayeruhusiwa kukaa zaidi ya vipindi vinne mfululizo katika ukumbi mmoja. Huko kumtofautisha seneta na mwakilishi kwa muda wake hakuna maana.

Muhula wa 93 na muhula wa 94

Ukitaka kuona kwa nini wajumbe wa muhula husika wana uzito kuliko vyeo vyao, iweke mihula hii miwili bega kwa bega.

Wa 93, wa 2023 na 2024, chama cha DFL, jina la Democrats wa hapa, kilikuwa na viti 70 kwa 64 vya wawakilishi, 34 kwa 33 vya Seneti, na gavana. Walikuta ziada ya dola bilioni 17.5. Katika miezi mitano wakapitisha chakula cha bure shuleni kwa kila mtoto, leseni niliyoitaja, siku za ugonjwa zenye malipo kuanzia Januari 2024, likizo ya uzazi na ya kuuguza yenye malipo kuanzia Januari 2026, na bodi ya kupanga viwango vya kazi katika nyumba za wazee. Kwa jamii yetu, ambayo nusu ya vikao vya chai vinaanza na "unafanya zamu gani?", hiyo bodi ni jambo la kuelewa vizuri. Pia walifungua MinnesotaCare kwa wasio na kibali, kuanzia Januari 1, 2025.

Wa 94 ulianza vingine kabisa. Uchaguzi wa 2024 uliwapa wawakilishi 67 kwa 67. Kisha mshindi mmoja wa DFL akaondolewa na mahakama kwa kutoishi katika eneo lake, Warepublican wakabaki na 67 kwa 66, na wenzao wa DFL wakakataa kuingia ukumbini. Januari 24 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema bila watu 68 hakuna kikao. Mwanzoni mwa Februari wakapatana, na tarehe 6 Lisa Demuth akawa Spika. Kiti kile kilipojazwa Machi wakarudi sawa kwa sawa, kila kamati ikiwa na wenyeviti wawili, isipokuwa moja tu ya kuchunguza wizi wa fedha za umma.

Juni 9, katika kikao maalumu cha siku moja, bajeti ilipatikana kwa sharti kwamba watu wazima wasio na kibali waondolewe MinnesotaCare mwaka ukiisha, watoto wakabaki. Kwa wawakilishi kura zilikuwa 68 kwa 65. Kura pekee ya DFL iliyoungana na Warepublican ilikuwa ya Melissa Hortman, kiongozi wao, aliyekuwa ameahidi ili serikali isifungwe, na aliyelia alipoulizwa na waandishi wa habari. Miaka miwili kabla yake alikuwa Spika wa muhula uliotoa haki ile ile. Juni 14, siku tano baadaye, yeye na mumewe Mark waliuawa nyumbani kwao Brooklyn Park. Usiku huo huo Seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi Champlin, wakapona. Hizi ni barabara tunazopita kupeleka watoto shule. Bado ninashindwa kupita karibu na pale bila kunyamaza.

Haki iliyopatikana kwa kura moja iliondoka kwa kura moja. Katika muhula wa 93 ungeweza kumchagua mjumbe kwa ujasiri wake tu. Katika wa 94 mwenye faida kwako alikuwa yule anayeweza kuvuka ukumbi na kurudi na sahihi ya mtu wa upande wa pili.

Karatasi ya Novemba 2026

Novemba 3, 2026, viti vyote 201 vinapigiwa kura siku moja, wawakilishi na maseneta. Seneta utakayemchagua siku hiyo atakuwepo hadi uchaguzi wa 2030, mwakilishi utamkuta tena 2028. Mimi ninampima mwakilishi kwa kumpigia simu: anajibu, au hajibu? Seneta ninampima kwa kura zake na kamati anazokaa, kwa sababu nitaishi naye muda mrefu. Na katika maeneo ambayo chama kimoja kinashinda kila mara, uamuzi wenyewe unafanyika mapema, katika mikutano ya chama na mchujo wa Agosti 11. Ukisubiri Novemba utakuta pilau imeshaliwa.

Asiye raia hapigi kura, lakini hazuiwi kumwandikia mjumbe wala kutoa ushahidi mbele ya kamati. Dakika mbili anazopewa raia ndizo anazopewa yeye. Jirani yangu alikuwa bado na kadi ya kijani.

Januari 2025 alikuwa tayari, na kanuni yangu ya kuanza na mwakilishi ikamshinda, kwa kuwa Baraza la Wawakilishi lilikuwa halikai. Seneti ilikuwa inakaa, viti 33 kwa 33, wamegawana uongozi kwa sababu Seneta Kari Dziedzic wa DFL alikuwa amefariki Desemba. Akaanza kwa seneta. Alipata dakika kumi na tano, akapata mtu wa kubeba SF, na Februari wawakilishi waliporudi akaenda kutafuta pacha. Siku hiyo nilimsindikiza. Mlangoni mwa ukumbi, pale Capitol, jengo la Bunge, unaandika kikaratasi: jina lako, eneo lako, jambo lako kwa maneno machache. Kijana wa kupeleka ujumbe anakipeleka ndani hadi kwenye meza ya mheshimiwa. Aliandika kwa mkono unaotetemeka: *Ninatunza wazee usiku. Nina swali moja.* Tulisimama chini ya zile nguzo za marumaru kama dakika arobaini. Mwakilishi akatoka, miwani kichwani, kikaratasi mkononi, akauliza, "Ni nani kati yenu anayetunza wazee?"

Mswada ulisikilizwa na kamati ya Seneti mara moja. Upande wa pili haukupangiwa siku. Muhula ukiisha namba zote mbili zitafutwa, na Januari 2027 zitaanza upya. Jirani yangu ameshaapa kiapo cha uraia, na juzi aliniomba nimtafutie tarehe ya mwisho ya kamati ya mwaka huo ili aombe likizo ya zamu mapema.